Kope ina bitana: maswali yenu kuhusu kupandikiza ngozi kwenye kope

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya kijana aliyeungua uso jicho likawa halifungi, nikasema madaktari huwa wanachukua ngozi sehemu nyingine ya mwili wanaishona kwenye kope, basi, meseji zikamiminika. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha maana kuna mmoja kaandika kama hati ya kiwanja. Kabla hatujaanza, Kiswahili chetu kinaita kope lile funiko la jicho na pia kinaita kope zile nywele zake, sasa tusipotezane, hapa nikisema kope ni lile funiko, nywele nitaziita nywele za kope.

Dokta shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 19 na ana kifafa. Miezi minne iliyopita aliangukia moto wa mafiga akaungua uso upande wa kushoto. Kidonda kimepona ila kope ya chini imevutwa na kovu imegeuka nje, nyekundu kabisa, na akilala jicho linabaki wazi. Hospitali ya rufaa wanataka kuchukua ngozi nyuma ya sikio waweke kwenye kope. Mama anasema tusubiri kovu lilainike lenyewe, mjomba anasema ngozi ya sikio haiwezi kushika jichoni. Tumsikilize nani? (Dada mtu, Tabora)

Marahaba mwanangu, poleni sana. Tuanze na mjomba maana yeye ndio rahisi. Mwambie inashika, tena vizuri tu. Mwaka 1875 daktari wa macho wa Glasgow, John Wolfe, alitoa ngozi ya mkononi kwa mgonjwa akaishona kwenye kope yake, na mpaka leo ngozi inayotolewa kwa unene wake wote madaktari wengi wanaiita kwa jina la huyo Wolfe. Kwa hiyo hii kazi jina lake lilitokea kwenye kope hiyohiyo mjomba anayoikatalia.

Kwa nini nyuma ya sikio? Kwa sababu ngozi ya kope ndio nyembamba kuliko ngozi zote za mwili, haifiki hata milimita moja, ukiwekewa ya paja au ya tumbo utakuwa umeshonewa jinzi kwenye kitambaa cha hariri. Nyuma ya sikio ngozi ni laini, haina nywele, rangi inakaribiana na ya uso, na pale ilipotolewa wanavuta kingo wanashona, kovu linajificha. Nzuri kupita zote ni ya kope ya juu ya jicho la pili kama ipo ya ziada, ila kwa kijana wa miaka 19 mara nyingi haipo, hiyo ni mali ya sisi wazee ambao kope zimeshaanza kulegea. Wengine wanachukuliwa juu ya mfupa wa bega au upande wa ndani wa mkono karibu na kwapa.

Sasa mama. Mama hajakosea moja kwa moja, makovu ya moto kweli yanalainika na daktari wa upasuaji akiweza kusubiri miezi 6 mpaka mwaka anasubiri. Lakini anasubiri KAMA JICHO LINAFUNGA. La mdogo wako halifungi. Fanya hivi leo usiku, akishapitiwa na usingizi mmulike kwa mbali na tochi ya simu, ukiona weupe tu kile kioo cheusi kimepanda juu, bado ana nafasi kidogo, ila ukiona kile kioo cheusi chenyewe kiko wazi kinakuangalia na mtu amelala, hapo hakuna habari ya kusubiri kovu. Konea, yaani hicho kioo cha mbele ya jicho, ikikauka usiku baada ya usiku inachubuka, inaingia kidonda, kidonda kikipona kinaacha doa jeupe, na doa likikaa katikati ndio upofu wenyewe, hapo hata mkimtengenezea kope nzuri kama ya bwana harusi haitamrudishia kuona.

Wakati mnasubiri tarehe, aombe dawa ya jicho ya tyubu, ile nzito kama mafuta, apake ya kutosha kila anapolala, mchana atumie ya matone ya kulainisha. Msimwekee pamba wala gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) moja kwa moja kwenye jicho lililo wazi, inamkwaruza, mwambieni nesi awaonyeshe namna ya kufunika kwa nailoni safi inayohifadhi unyevu. Akisema jicho linauma sana, au ukaona kidoa cheupe, au anaona ukungu, msingoje kliniki ya Jumanne, nendeni siku hiyohiyo.

Na upasuaji wenyewe uko hivi. Wanakata lile kovu linalovuta, kope inarudi juu mahali pake, hapo ndio linaonekana shimo, na ndugu wengi wakisikia ukubwa wake wanashtuka, lakini ngozi ilikuwa imekosekana siku zote, ni vile kovu lilikuwa limekunja mambo. Kiraka, yaani ile ngozi ya nyuma ya sikio, wanakikata kikubwa kuliko shimo maana kitanywea. Wanakishona, juu yake wanafunga kifungo cha gozi kilichokazwa na nyuzi ili kikandamize, na mara nyingi wanaacha uzi unaoivuta kope kwenda juu umebandikwa kwenye paji la uso. Msiogope mkimwona hivyo.

Hizo siku za kwanza ndio kila kitu. Kiraka kimekatwa hakina mshipa hata mmoja wa damu, siku mbili za mwanzo kinaishi kwa kunyonya majimaji ya pale kilipolazwa kama sponji, halafu vimishipa vinaanza kugusana na kuungana, kuanzia siku ya tatu ya nne hivi damu inaanza kupita. Kikisogea, au damu ikijikusanya chini yake, kile kiungo kinakatika na kiraka kinakufa. Nimewahi kuwa na mgonjwa mmoja, dada, siku ya pili tu akafungua bendeji chooni, alitaka kujiona kwenye kamera ya simu, akajipiga picha akarudishia plasta vizuri kabisa wala hatukujua. Tulipofungua siku ya sita nusu ya kiraka ilikuwa nyeusi kama mkaa, na picha ile akanionyesha mwenyewe huku analia. Tulirudia. Kwa hiyo bendeji haiguswi siku 5 mpaka 7, haiinamwi, haibebwi ndoo, akitaka kupiga chafya apige mdomo ukiwa wazi, na kama anavuta sigara aache kabla, sigara inabana mishipa na kiraka kinakosa hewa. Ikifunguliwa mkaona rangi ya zambarau au kijivu msipige kelele, ni kawaida, inabadilika taratibu.

Baadaye, wiki ya pili au ya tatu daktari akiruhusu, kuna kukanda. Kidole safi, mafuta kidogo, unasukuma kope kwenda JUU, dakika chache mara kadhaa kwa siku, kwa miezi. Watu wanaliacha hili wakishaona mtu amependeza, halafu kope inavutwa tena.

Lingine hujaliuliza ila nalisema. Kifafa chake kinatibiwa? Kama dawa anameza akikumbuka, kiraka hiki kitaungua kama ilivyoungua ngozi iliyotangulia. Anzeni na kliniki ya kifafa, na hapo jikoni mafiga yainuliwe juu au awepo mtu.

Daktari, mimi ni fundi cherehani mstaafu, miaka 66. Kope yangu ya chini kulia iliota kijipele kisichopona, wakatoa kinyama wakapeleka maabara, majibu ni kansa. Wanasema wataondoa karibu kope yote ya chini, halafu watengeneze nyingine kwa kutumia kope ya juu, na jicho litashonwa lifungwe zaidi ya mwezi ndio walifungue tena. Mwanangu anasema hao wanajifunzia kwangu. Naomba ukweli. (Mzee wa Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Hawajifunzii. Na nimefurahi umeniambia kazi yako maana miaka yote natafuta namna ya kueleza hili jambo na leo nimepata wa kumweleza.

Wewe umeshona makoti. Koti lina kitambaa cha nje, lina bitana ndani, na kwenye kola unaweka kile kigumu ili isilale. Kope ndivyo ilivyoshonwa. Nje ngozi na msuli wa kufumbia, ndani utando laini unaoteleza juu ya jicho, na katikati, umegandana na ule utando, kuna kibamba kigumu ndio kola yenyewe, kwenye kope ya juu kina kimo cha kama milimita 10, ya chini kama 4 tu. Sasa mteja akikuletea koti limechanika mpaka bitana huwezi kumwekea kiraka cha nje peke yake ukasema umemaliza. Kope hivyohivyo, wakiweka ngozi tupu bila bitana ile ngozi itasugua kioo cha jicho kila unapopepesa, na mtu anapepesa maelfu kwa maelfu kwa siku, na bila kile kigumu kope italegea machozi yamwagike.

Ila hapa ndipo kope inapoachana na koti. Kitambaa hakihitaji kula. Kiraka cha mwili kinahitaji damu, na kinaipata kwa jirani. Ukiweka kiraka cha nje juu ya kiraka cha ndani, vyote vimekatwa kutoka mbali, hakuna wa kumlisha mwenzake, vinakufa vyote viwili. Kwa hiyo sheria ya kazi hii ni kwamba tabaka moja lazima lije na mshipa wake wa damu bado umeunganika kule lilikotoka (tunaita flapu), ndipo la pili linaweza kuwa kiraka cha kukata.

Wanachotaka kukufanyia wewe kinaitwa njia ya Hughes, daktari wa Marekani aliyeiandika mwaka 1937, na mpaka leo ndiyo inayotegemewa kope ya chini ikiondoka sehemu kubwa. Wanaipindua kope yako ya juu, wanachukua sehemu ya kile kibamba na utando wake kwa ndani, wanaacha kama milimita 4 za ukingo wa chini ili kope ya juu isije ikaharibika umbo, halafu kile kipande wanakiteremsha kama pazia mpaka chini, wanakishona kiwe bitana ya kope mpya. Hawakikati kule juu. Kinabaki kimening'inia na kinakunywa damu ya juu. Juu yake ndio wanalaza ngozi, labda ya nyuma ya sikio. Ndio maana jicho linakuwa limefungwa, lile pazia limepita mbele yake! Wiki 3 mpaka 6 hivi, kope mpya ikishajipatia damu yake ya chini, wanakata pazia kwa ganzi kidogo tu na jicho linafunguka. Jicho halijakufa wala halijalala, linakuwa pale nyuma linakungoja.

Sasa kuna swali moja ambalo nataka ulijibu wewe kwanza kabla hujasaini. Jicho la kushoto linaona? Kama la kushoto lina mtoto wa jicho uliokomaa au glaukoma (presha ya jicho) imeshalila, waambie waziwazi, maana kukufunga jicho pekee linaloona mwezi na zaidi ni kukufanya kipofu kwa muda, huwezi hata kwenda msikitini peke yako. Kwa mtu wa hivyo wanageuza mambo, nje wanavuta ngozi ya shavu iliyo na mishipa yake, halafu bitana ndio inakuwa kiraka, wanachukua gegedu la sikio (kile kigumu kinachopindika) au utando wa kaakaa, yaani juu ya mdomo. Wa kaakaa ni mgumu kiasi na una unyevu, unafaa sana kope ya chini, kwa ya juu hauna raha maana unaweza kukwaruza jicho. Mdomoni unajiskia kama umeungua na chai ya moto, unakula uji uliopoa, pilipili unaisahau, wiki tatu hivi panajifunga penyewe.

Na ukiona wamekukata halafu hawajajenga siku hiyohiyo usimpigie mwanao simu aje kugombana. Mara nyingi wanatuma kingo za kilichokatwa maabara wahakikishe hakuna mzizi wa kansa uliobaki, wanafunika, wanangoja majibu, ndipo wanajenga. Mimi ningekuwa mgonjwa ningetaka hivyo. Kama unameza aspirini au dawa yoyote ya kulainisha damu waambie, usiiache kwa kujiamulia, na sukari ipimwe.

Habari daktari. Mimi ni msichana wa Nairobi, nina keloidi (kovu linaloota na kuvimba kupita kidonda) kifuani na moja kwa sikio tangu nitoboe. Niliumia kwa ajali ya matatu, kope ya juu ikapoteza ngozi kiasi, sasa wanasema skini grafti. Naogopa keloidi itaota kwa macho. Pia rangi itamatch?

Pole sana dada. Kwenye kope keloidi ni nadra mno, ngozi pale ni nyembamba haina mvutano, hilo ondoa wasiwasi. Wasiwasi wako ungeuweka nyuma ya sikio! Umeshaota moja sikioni, kwa hiyo daktari asikate ngozi nyuma ya sikio lako kama hajaiona hiyo keloidi, mwonyeshe hata kama ameangalia jicho tu na kufunga faili. Kuna kope ya juu ya jicho la pili, kuna upande wa ndani wa mkono, mzungumze. Watu wanaficha keloidi kwa kola na mtandio halafu kwa daktari pia wanaficha.

Rangi nitakuwa mkweli, haitalingana siku za mwanzo. Sisi wenye ngozi nyeusi kiraka mara nyingi kinakuwa cheusi zaidi, kinajitokeza kabisa, halafu miezi inavyoenda kinatulia, kwa wengine kinabaki na kivuli kidogo. Jua ndio adui, kofia na miwani, na usipake mkorogo wala krimu ya kung'arisha eti usawazishe rangi, nakuomba. Vipodozi baada ya daktari kuona pamefunga kabisa.

Asalaam aleikum dokta. Nimesikia kuna viraka vinatoka kwa maiti, vingine kwa nguruwe, na vingine eti kondo la nyuma la mzazi. Mie niko Unguja na mke wangu anatakiwa apandikizwe jichoni. Yepi ni kweli? (Bwana S.)

Waaleikum salaam. Yote uliyosikia yapo duniani, ila mengi ya kope ninayoyaongelea hapa yanatoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe, ngozi yake, gegedu lake, utando wa mdomo wake, na ndio bora maana mwili haumkatai wa kwake, hakuna dawa za kumeza maisha. Vipo vitu vya kiwandani vilivyotengenezwa kwa ngozi ya binadamu aliyejitolea na vingine kwa ngozi ya nguruwe iliyosafishwa seli zote, vinatumika zaidi nchi zenye pesa. Una haki ya kuuliza kabla ya kusaini, "hicho mtakachoweka kimetoka wapi", na daktari mwenye adabu hakasiriki. Mwambie na imani yako, njia nyingine ipo karibu kila mara.

La kondo ni kweli kabisa. Ni ule utando mwembamba wa ndani, ule wa chupa, unaoangaza kama karatasi ya plastiki, mama akijifungua kwa upasuaji na akaridhia unachukuliwa, yeye anapimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini, kaswende, na utando unasafishwa na kuhifadhiwa. Hauna mishipa ya damu, haukataliwi kirahisi, na unatuliza makovu. Lakini haubebi kope, ni laini mno. Unatandikwa juu ya jicho lenyewe au ndani ya kope, kwa mfano mtu aliyemwagikiwa tindikali, au aliyetolewa nyama inayoota kwenye weupe wa jicho (na ile nyama, wasomaji, ikikua haraka ni ya kukatwa na kupimwa, huku kwetu mara nyingi inakuwa kansa, na kwa wenye VVU zaidi). Sijui mkeo ana nini hujaniambia, niandikie tena au mje na faili.

Bibi yangu yuko Kongwa. Alifanyiwa upasuaji wa vikope miaka sita iliyopita, nywele zimerudi kuchoma jicho. Yeye anazing'oa kwa kibano kila wiki. Kuna mtu kasema wanaweza kumpandikiza nyama ya mdomo. Kweli?

Kweli, japo sio kwa kila mtu. Kwa wasiojua, vikope ni trakoma, na Kongwa imejulikana kwa trakoma miaka mingi sana, watafiti wamekaa pale miongo. Mdudu anaambukiza utotoni, tena na tena, kwa ndani ya kope panajaa makovu, mtu akizeeka makovu yanaivuta kope ijikunje ndani na nywele zinapiga deki kwenye kioo cha jicho. Upasuaji wa kawaida hauhitaji kiraka chochote, wanakata kile kibamba kigumu kwa upana wanakizungusha pembe iangalie nje, dakika chache kwa ganzi, hata kwenye zahanati wanafanya waliofundishwa. Kurudi sio ajabu wala sio lazima mtu alikosea, makovu yanaendelea kuvuta.

Mara ya pili ndipo wanaangalia bitana imebaki kiasi gani. Kama imekauka imefupika hakuna cha kuzungusha, basi wanachukua utando wa ndani wa mdomo wa chini, ule laini unaouuma ukila haraka, wanauongezea ndani ya kope au kwenye ukingo ili nywele zikae mbali na jicho. Pa mdomoni panapona haraka. Utando ule unabaki mwekundumwekundu, bibi asishangae.

Kibano kimemsaidia, simkatazi leo, ila nywele iliyong'olewa inaota tena fupi na ngumu kama kisiki, inachoma zaidi. Nikuulize, wajukuu hapo nyumbani wananawa uso? Maana bibi ndiye mwisho wa safari, wao ndio wako mwanzo.

Mwanangu ana ualbino, miaka 9. Nimeona kwenye gazeti lenu kansa ya kope. Nifanye nini asifike huko? (Mama Baraka, Mwanza)

Kofia yenye ukingo mpana pande zote, kepu ya mbele tu haimfai, masikio na shingo vinabaki juani. Miwani ya jua. Losheni ya jua usoni kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, pale Moshi inatengenezwa moja inaitwa Kilisun kwa ajili ya wenye ualbino, ulizia chama chenu na kliniki ya ngozi wanavyoigawa. Halafu wewe mama kila mwezi mkalishe dirishani umwangalie kope zote nne, kipele kikikaa wiki 3 au 4 hakiponi, kina gamba, kinatoka damu, au nywele za kope zimenyonyoka sehemu moja, mpeleke. Kikiwa kidogo wanakata kipande wanavuta kingo wanashona, imeisha, mpaka robo ya kope au zaidi kidogo inavutika bila kiraka chochote. Yale ya mzee wa Tanga hapo juu yanakuja tukichelewa.

Boda ilinibwaga, kope ikachanika kikabaki kipande kinaning'inia, rafiki akakikata akakitupa ili nisiogope. Alifanya vizuri? (K., Morogoro)

Hapana jamani!! Rafiki alikuwa na moyo mzuri ila mkasi angeuacha. Kope ina damu nyingi kupita unavyodhani, kipande kinachoning'inia kwa kauzi kadogo tu mara nyingi kinapona kikishonwa vizuri, na hakuna kiraka cha mahali popote kitakachokuwa na nywele zake na ukingo wake kama kile. Hakikatwi. Kinafunikwa na gozi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, safari. Hata kikikatika kabisa msikitupe, kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndio mweke juu ya barafu, nyama isiguse barafu. Kama ni mbwa aliyeuma, na sindano ya kichaa cha mbwa isisahaulike watu wakishughulika na uso. Na wewe hapo ulipo, kama chozi linamwagika tu upande wa puani, waambie waangalie mfereji wa machozi, huwa unakatika kimyakimya.

Je wanaweza kunipandikizia jicho zima la mtu mwingine pamoja na kope?

Walijaribu New York mwaka 2023, hospitali ya NYU Langone, mtu aliyepigwa na umeme mkubwa akapewa nusu ya uso pamoja na jicho la kushoto. Jicho lilikaa, damu ikapita, ila kuona halikuona, mshipa wa fahamu wa jicho haujaweza kuungwa. Kinachopandikizwa kila siku ni konea, kile kioo cha mbele, na hiyo ilishafanikiwa tangu mwaka 1905. Watu wanachanganya hivi vitu viwili ndio maana unasikia "amepandikizwa jicho".

Kope mpya itaota nywele? Na naweza kubandika za saluni? (Rehema)

Haioti, Rehema. Ngozi ya nyuma ya sikio haijui habari ya nywele za kope. Kwa kope ya chini hakuna atakayegundua, ya juu ndio inaonekana, kuna wanaopandikiza vinyweleo vya nyusi lakini vinaota vinarefuka kama nyusi, unakuwa mtu wa kuvikata na mkasi na vingine vinageukia ndani, mimi sishabikii. Za kubandika ngoja miezi kadhaa mpaka daktari akwambie ukingo umekomaa, na zianze za kubandika na kubandua jioni, sio zile za gundi ya wiki tatu, gundi ile wakati wa kuitoa inavutwa na ukingo wako bado ni mgeni. Penseli nyeusi ya wanja, nje ya ukingo, inadanganya macho ya watu vizuri tu.